Bafu Lenye Mlango Sebuleni

Mama alipovunjika nyonga huko Beni, tulimleta kwetu Butembo. Nyumba yetu ni ya zamani, ya matofali mabichi, na choo chake kiko nje, chini ya mteremko ambao huteleza vibaya mvua ikinyesha. Nikaamua kugeuza stoo iliyo kando ya sebule iwe bafu na choo cha ndani. Nilitaka mama asianguke tena, basi.

Huku watu hujenga kwanza, ruhusa hutafutwa baadaye. Mimi ni mtu wa kufuata taratibu, nikaenda ofisi ya urbanisme, ile ya mipango miji. Mtumishi wao alikuja na futi yake, akapima bila hata kuketi.

"Fosse iko karibu sana na kisima ya jirani," alisema. "Mutachimba ingine kule mbele. Na hapa hakuna fenetre. Hewa itatokea wapi?"

Tukachimba shimo jipya la choo mbali na kisima. Tukatoboa dirisha, tukainamisha sakafu kuelekea bomba, tukaweka vigae visivyoteleza na chuma cha kushikilia ukutani. Akarudi, akamwaga ndoo ya maji, akayatazama hadi yakaisha, akatia saini. Nilijivuna, sifichi.

Mama alilisifu bafu, kisha akachukua fimbo yake akashuka mteremkoni. Nilimfuata kwa hasira nikamuuliza kulikoni.

"Mulango inatokea ku salon," alisema. "Mukwe wangu anaikalaka pale. Nipite mbele yake na taulo? Hapana."

Kwetu mama mkwe huona haya mbele ya mkwewe hata kwa mambo madogo kuliko hilo. Nimelijua tangu utoto, na bado mlango niliuweka pale sebuleni anapokaa mume wangu, kwa kuwa lile halikuwa kwenye karatasi. Nikamwita tena mtu wa urbanisme, nikaomba tutoboe mlango kutoka chumba cha mama, kinachopakana na bafu. Akaugonga ukuta.

"Hii hapana gusa. Ndiyo inabeba paa."

Mume wangu alisikia yote. Asubuhi iliyofuata alitangaza, kwa sauti ya kufika hadi chumba cha mama, kwamba chai yake atainywa nje. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimkuta barazani amejifunika koti, ameipa nyumba mgongo, chai imeshapoa mkononi. Nikamwambia aingie, asije akapata homa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Maman hayamaliza kuoga."