Shangingi Kwenye Kisima cha Mama

Kwenye ramani ya ukutani darasani kwetu mto una jina refu na umechorwa kwa wino wa buluu. Aliyeuchora hakuwahi kufika. Sisi tunauita mto tu, na mwaka ule hata kuuita hivyo ilikuwa kuupamba. Mvua ziligoma. Mahindi yalikauka yakiwa yanafika magotini, na mto ukabaki mchanga kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, mweupe, wa moto, mpana kama uwanja wa ndege wa Nachingwea, ila huku hakutui kitu.

Maji yalikuwepo, lakini chini. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake humo mtoni. Unachimba kwa jembe, kisha kwa mikono, mpaka ukute mchanga uliolowa, halafu unakaa kusubiri maji yajikusanye ndipo uyateke kwa kata. Ukimaliza unafunika shimo kwa matawi ya miiba, kwa sababu ya nguruwe pori na nyani. Nguruwe ana haraka tu. Nyani ndiye hana adabu: anakunywa, ananawa, kisha anakaa humo anakutazama.

Njia ya magari ya kutoka Ruangwa ilivuka mto huo huo, chini kidogo ya visima. Mchanga ule ulikuwa unameza gari lolote, hata yale marefu yenye magurudumu yote manne yanayovuta. Kwa hiyo wanaume walitandaza matawi na mabua ya mtama pale pa kuvukia ili matairi yapate pa kukanyagia. Matawi ya juu, ya visimani, usipite. Matawi ya chini, pita hapa. Kila mtu kijijini alijua, mpaka mbuzi walijua. Hatukuwahi kufikiria kwamba kuna watu wanaokuja hawajui.

Kwetu sisi vijana magari kukwama ndiyo ilikuwa sinema. Shule ya kata ikifungwa mchana tunakimbilia mtoni kuangalia kama kuna lililonasa. Landrova ya misheni ilizama mara nyingi mpaka ikawa kama jirani. Siku moja padri mwenyewe alishuka, akaangalia tairi, akasema neno ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha sala. Mimi nikaitikia, "Amina." Nilichapwa shuleni kwa hilo, na hata waliponichapa walikuwa wanacheka. Wanunuzi wa korosho nao walizama. Tulikuwa tunasukuma, tunaimba, tunapewa biskuti, tunarudi nyumbani tumejaa mchanga mpaka masikioni. Mimi ndiye niliyekuwa natunga maneno ya wimbo wa kusukumia, na mengi sitayaandika hapa.

Mama alifariki mwanzoni mwa kiangazi kile. Homa, siku chache, basi. Watu wanauliza ulijisikiaje. Nilijisikia kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua ni wako, unaugusa, hausemi kitu. Siku ya mazishi watani wetu walikuja kufanya mambo yao kama ilivyo desturi. Mmoja, mzee mwenye tumbo, aliingia kaburini kabla ya maiti, akajinyoosha, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. "Niacheni," alisema kutoka chini. "Huku pamepoa kuliko huko kwenu juani." Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilicheka tu. Niliona jamaa anajua kazi yake.

Mama aliacha kisima. Alikichimba mwenyewe mto ulipokatika, karibu na ukingo, chini ya mkuyu, kwa sababu alikuwa anapenda kivuli. Wenzake walimwambia pale maji yana chumvi. Akachimba hapo hapo. Maji yakatoka na chumvi. Kijiji kizima kilimcheka, naye akasema anaokoa hela ya dukani, mboga zake zinajiunga zenyewe. Hakuna mwingine aliyekunywa pale isipokuwa yeye na mimi. Bibi, mama yake, niliyehamia kwake baada ya msiba, alikuwa na kisima chake katikati ya mto, kitamu.

Sasa, kisima cha mchangani kisipotekwa kinajifukia. Kuta zinamomonyoka kidogo kidogo, wiki moja tu hukijui kilipokuwa. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule nilikwenda kukiteka. Nilizoa mchanga ulioanguka, nikachota maji, nikanywa, nikafunika na miiba. Kuta zilikuwa bado na alama za vidole vya mama pale alipokandika udongo wa mfinyanzi kuzuia mchanga. Nilipoulizwa mbona nakunywa maji ya chumvi, nilisema ni dawa ya misuli. Watoto wawili wadogo waliniamini wakaanza kuyanywa, wakaharisha. Watu wote walikuwa wanaomba mvua, msikitini na kanisani. Mimi nilikuwa naitikia kwa mdomo, maana nilijua mto ukijaa tu, kisima kinakwenda na maji.

Haukuwa mto uliokuja. Lilikuja shangingi.

Ilikuwa Jumamosi, jua limesimama. Gari hilo la wakubwa lilitokea upande wa Ruangwa, jeupe, vioo vyeusi, likasimama ukingoni kama linasoma. Kisha likaacha njia, likakata juu, likateremka moja kwa moja kwenye matawi yetu ya miiba. Tulisimama wote tukapunga mikono. "Si huko! Si huko!" Dereva akadhani tunamkaribisha. Akashusha kioo, naye akatupungia.

Lilipita kati ya visima viwili bila kuvigusa, bahati ya mlevi, likaelekea kwenye kivuli cha mkuyu. Tairi la mbele likapanda rundo la miiba. Rundo likatitia kidogo, halafu pua ya gari ikainama kama mtu anayesujudu.

Kisima cha mama.

Dereva alikanyaga mafuta. Kadiri alivyokanyaga ndivyo gari lilivyozidi kukaa, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mchanga uliruka mpaka kwenye majani ya mkuyu. Alipozima injini, alishuka amevaa miwani ya jua, na nyuma yake bwana mmoja mwenye shati jeupe na viatu vinavyong'aa ambaye dereva alimwita mheshimiwa.

"Nani kachimba shimo barabarani?" dereva akauliza.

"Nani kaegesha gari kisimani?" Bibi akajibu. Akaongeza jambo kwa Kimwera, na nashukuru wageni hawakulielewa.

"Nimeona matawi, mama. Huko nyuma tulipovuka mto mwingine tuliambiwa fuateni matawi."

"Matawi ya chini, baba. Haya ni ya juu."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Lilikuwa swali zuri, tulikuwa hatujawahi kulisikia.

Mheshimiwa akapiga hatua moja, kiatu kikajaa mchanga. Akatuambia wametumwa kuja kujionea wenyewe hali ya ukame. Mjomba wangu, kaka yake mama, akaliangalia tairi na kumwangalia yeye. "Karibuni sana, mheshimiwa. Mmeufikia wenyewe."

Mjomba ndiye aliyekuwa bingwa wa kunasua magari. Alizunguka shangingi mara moja mikono nyuma, akainama, akapiga mluzi. Akaeleza: matairi yapunguzwe upepo, kisha shimo lijazwe mawe mpaka juu, jeki ipate pa kusimama, halafu mabua yatandazwe na watu wote wasukume kurudi nyuma. Hakuna njia nyingine. Alipotamka mawe alinitazama kidogo, kisha akatazama pembeni. Watu wakatawanyika ukingoni kutafuta mawe. Kulikuwa na furaha kabisa. Ni muda mrefu kijiji kilikuwa hakijapata kazi yenye mwisho.

Mimi niliteremka shimoni. Sikupanga. Tairi lilikuwa limeegemea upande mmoja, upande wa pili palibaki nafasi ya mtu mwembamba. Nikajikunja, nikalala chali, mgongo kwenye maji. Juu yangu nikaona bomba la moshi na duara la mbingu, na mafuta yakidondoka taratibu kandoni mwa bega langu.

Mtu wa kwanza kurudi na jiwe akapiga kelele. "Jamani, njooni mwone! Kaingia!"

Wakaja wote.

"Toka tuweke mawe," mjomba akasema.

"Sitoki."

Kicheko kikapasuka. "Mtani huyo! Mpeni kitu!"

Dereva, aliyekuwa hajui kitu, akaelezwa desturi haraka haraka, naye akacheka mpaka akavua miwani. "Dogo noma!" Mheshimiwa akarusha pakiti ya biskuti shimoni. Ikanigonga kifuani.

"Sitoki," nikasema tena.

"Kaona ndogo! Ongezeni!"

"Hiki kisima cha mama yangu."

Wakacheka zaidi. Siwalaumu. Nilisema kwa sauti ile ile niliyosemea amina kwa padri, na niliyoimbia nyimbo za kusukumia, na niliyowaambia watu kuhusu dawa ya misuli. Sina nyingine. Nilijaribu kuitafuta pale chini, sauti ya mtu anayesema kweli, nikaona sijui inaanzia wapi. Nikafungua biskuti, nikala moja. Ikawa chekesho jipya.

Kisha kicheko kikapungua upande mmoja, kama redio inayoishiwa betri. Bibi alikuwa amefika ukingoni mwa shimo. Alichuchumaa, akashika tairi kwa mkono mmoja asije akaanguka.

"Mume wangu," akaniita, kama anavyoniita siku zote.

"Naam, mke wangu."

"Umelowa."

"Nimelowa."

"Huko chini kukoje?"

"Pamepoa."

Nilikuwa naona miguu yake tu na pindo la kanga. Dereva alikuwa anaendelea kucheka peke yake mpaka mtu akamgusa.

"Yule mtani wetu naye alisema pamepoa," Bibi akasema. "Lakini alitoka. Alitoka, wakamwingiza mwenye kaburi, wakafukia, tukarudi nyumbani. Toka, mume wangu. Utaumizwa na gari la watu."

Akanyoosha mkono. Ni mkono mdogo, hauwezi kumvuta mtu. Niliushika, nikapanda kwa nguvu zangu mwenyewe, kuta zikabomoka chini ya vidole vya miguu yangu. Zile alama sikuziona zilivyokwenda. Nilikuwa natazama nikanyage wapi.

Wakajaza mawe. Na mimi nilibeba. Ningesimama mikono mitupu ningeonekana mvivu. Jeki ikapanda, mabua yakatandazwa, tukasukuma. Waliniomba nianzishe wimbo, nikaanzisha, na ulikuwa mchafu kama kawaida yake. Shangingi likatoka likinguruma, likarudi nyuma mpaka ukingoni, na safari hii mjomba alitembea mbele yake kwa miguu kulionyesha matawi ya chini. Mheshimiwa alipangusa viatu kwa kitambaa. "Tumejionea," akasema kabla ya kupanda.

Chini ya mkuyu lilibaki rundo la mawe lenye rangi ya mafuta. Mtu akatupia tawi la miiba juu yake, kwa mazoea tu.

Asubuhi yake Bibi aliniamsha, akanipa jembe. Tulikwenda katikati ya mto, karibu na kisima chake. Yeye alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mimi nikachimba.

"Panua mdomo. Unachimba tundu la panya?"

"Napanua."

"Mchanga utupe mbali, unaurudisha mwenyewe."

"Natupa mbali, mke wangu, macho ndiyo yamezeeka."

"Chimba huko."

Maji yalikuja haraka, shimo likiwa halijafika hata usawa wa kiuno changu. Wapita njia walisema nimebahatika, kisima kama hicho wengine wanakitafuta mwezi mzima. Nikakandika udongo kwenye kuta. Alama zikabaki za vidole vyangu, vinene na vibaya. Nikafunika kwa miiba, na Bibi akachomeka juu yake fimbo yenye kopo bovu, kwa ajili ya madereva. Siku hiyo hiyo visima vyote vikavaa makopo. Upepo ukivuma mto mzima ulikuwa unagonga kama jiko la shule.

Tuliporudi nyumbani nilijimiminia kikombe. Yalikuwa matamu, baridi, hayana kosa lolote. Nilikunywa funda moja nikaliacha mdomoni. Kisha nikaingia jikoni, nikachota chumvi kwenye kopo kwa vidole viwili, nikatia, nikakoroga kwa kidole, nikaonja.

Bibi alikuwa mlangoni anapepeta choroko. Nilidhani hanioni.

"Ongeza," akasema, bila kuinua kichwa. "Yake yalizidi hapo."

Nikaongeza.