Ukuta wa Jumbe Modesti

Jamani, kuna ukuta uliowahi kuamkiwa kuliko mtu mwenye sura yake.

Mnasambaziana picha za yule mchoraji wa Meksiko anayejaza nyuso za watu kwenye kuta, mnaandika "haijawahi kutokea."

Imetokea. Chanji, Sumbawanga, enzi za Mwingereza. Mchoraji ni babu yangu, Zenon.

Hakufundishwa na mtu. Udongo mwekundu, udongo mweupe, masizi ya chungu, mafuta ya mbarika, na kijiti alichokitafuna ncha mpaka kikawa brashi.

Kosa lake moja: alimpenda Kalista, binti wa Jumbe Modesti.

Jumbe alikuwa mnyenyekevu mno. Usipochuchumaa ukampigia makofi ya salamu, kesho unalima shamba lake.

"Binti yangu nimpe mchezea tope?" alicheka. "Haya, nichore kwenye ukuta wa baraza. Ukinipendeza, tutaongea."

Zenon akachora. Bibi Bertilla, macho yameshaingia ukungu, akapita, akachuchumaa, akapiga makofi.

"Shikamoo, Jumbe!"

Ukuta kimya. Bibi hakushangaa. Jumbe mwenyewe alikuwa haitikii.

Jumbe akavimba kwa raha. Akatoa amri: kila apitaye aamkie picha.

Watu wakatii. Tena sana. Wakishaamkia ukuta, wakikutana na Jumbe njiani wanampita kama kisiki.

"We Adolfu! Hunioni?"

"Nimeshakuamkia barazani, Jumbe. Nikirudia si utasema nakutania?"

Jumbe akawaka. Picha ikapakwa udongo mweupe, habari ya uchumba ikafa, Zenon akafukuzwa.

Kesho yake watu wakachuchumaa mbele ya ukuta mtupu.

"Picha imefutwa," Adolfu akaeleza kwa adabu, "amri bado."

Afute amri? Yaani Jumbe akosee? Thubutu!

Akaenda kusimama mwenyewe pale ukutani, ili salamu zimfikie yeye. Asubuhi mpaka jioni, upepo wa Ufipa unamchapa masikio, wenzake wanakunywa pombe ya ulezi. Akienda kujisaidia, salamu zinapita.

Mwisho akamwita Zenon.

"Nirudishe ukutani, mwanangu. Miguu imekwisha."

"Na Kalista?"

"Mchukue!"

"Harusi kwanza, baba," Kalista akadakia. "Mchoraji mwenye mawazo mkono unatetemeka."

Wakafunga ndoa kanisani. Siku iliyofuata Jumbe akajipanga mbele ya ukuta, kidevu juu.

Zenon akaja na rangi zake. Akachuchumaa, akapiga makofi, macho chini.

"Chora basi!"

"Nitachoraje, baba mkwe? Mkwe hakodolei macho uso wa mkwewe. Ni kukuvunjia heshima."

Jumbe akageukia njia, kupokea salamu za siku hiyo.

Kalista akamletea kigoda.

Funzo? Anayelazimisha watu wamheshimu, ajiandae kwa siku watakayomheshimu kweli.