Shingo Tupu ya Akuwam

Asubuhi mchanga wa Kawalase hauna sauti tena. Zamani, jua likiwa bado pole, Atabo alikuwa akisuka vikapu vyake ukingoni mwa mto huo mkavu wa Lodwar huku akisikia fimbo ya bintiye ikichana hewa, kisha miguu ikitua, kisha pumzi. Sasa anasikia punda, na pikipiki za wenye haraka. Hajahama pale. Mikono inasuka, masikio yanangoja.

Binti huyo, Akuwam, alifundishwa na Njenga, muuza misumari na mabati kutoka Nyahururu, aliyejifunza wushu ujanani Nairobi, ule mchezo wa mapigano wa Kichina. Siku moja alimwona msichana huyo akizuia mbuzi wasiingie dukani, fimbo ikizunguka mkononi bila yeye kuitazama, akamwacha mteja na mzani wake akatoka nje. Mchezo aliomchagulia hauna mpinzani: mtu hupanda zuliani peke yake na fimbo, hupigana na adui asiyekuwepo, na waamuzi humpa alama kwa usafi wa kila pigo na kila mruko. Wachuuzi wa pale mtoni walipata kichekesho.

"Akuwam, leo umemuua nani?"

"Shangazi yako."

"Na nyama ya matanga iko wapi?"

Alicheka nao, akaruka tena.

Kabla ya mashindano yake ya kwanza ya taifa, Njenga alikuja kwa Atabo akisugua viganja.

"Mama Akuwam, hizi shanga za shingoni itabidi zitoke."

"Zitoke ziende wapi?"

"Zikae hapa nyumbani. Moja ikidondoka kwa zulia, anakatwa alama."

"Njenga, kwetu shanga inatoka kwa shingo ya mwanamke kama mtu amekufa."

"Hakuna mtu atakufa, mama. Ni mchezo."

Atabo alimtazama bintiye. Macho ya Akuwam yalikuwa yameshafika Nairobi, kwenye mashindano. Basi Atabo mwenyewe akafungua, duru baada ya duru, zile shanga nyekundu na za samawati alizoanza kumvalisha angali anatambaa, akazitundika kwenye msumari ukutani. Shingo iliyobaki ilikuwa nyembamba, imepauka, kama ya mtu mwingine.

Akuwam akashinda, akawa bingwa wa taifa. Akapigwa picha: fimbo begani, medali kifuani, shingo wazi. Picha ile ikapita simu hadi simu mpaka kijiji cha Nakalale, ambako Lokiru, baba yake, alikuwa amelala mgonjwa bomani mwake. Mpwa mmoja alimsogezea simu usoni kwa furaha. Mzee aliitazama ile shingo.

"Nani amekufa?" akauliza.

Haikuchukua muda akafa yeye.

Mama na binti walipofika Nakalale, Akuwam alikuwa na medali ndani ya ngumi. Alitaka jambo moja tu, kuingia boma la baba yake amlilie pamoja na wengine. Longor, ndugu wa marehemu, aliwasimamisha penye mlango wa miiba.

"Wewe unatafuta nini hapa? Matanga yako ulishayamaliza Nairobi, tena ukapigiwa makofi."

"Baba Longor, niache niingie."

"Nani alikuvua shanga baba yako akiwa hai?"

Mle ndani wanawake walikuwa wakivua za kwao. Atabo naye alikuwa ameshika fundo la shingoni mwake. Alijua akisema ni yeye, ataitwa muuaji wa mumewe; atalikosa boma, na wanawe wa kiume waliomo. Vidole vyake vikahangaika na fundo ambalo lilikuwa limeshafunguka. Akuwam alimtazama, akamngoja. Kisha akamgeukia Longor.

"Nilivua mwenyewe."

Atabo akaingia. Binti akabaki nje siku zote za msiba, kwenye kivuli chembamba cha ua, na kilio chake kikawa kinaingia bomani kutoka upande usiofaa.

Msiba ulipoisha wakashika njia ya Lodwar. Akuwam alirudi mchangani, akafanya mazoezi kwa ukali uliomtisha hata Njenga. Ilipofika safari ya kwenda kuchaguliwa timu ya kwenda Uchina, alizitungua zile shanga msumarini.

"Nifunge wewe."

"Njenga atasema..."

"Nifunge, mama. Picha ikifika Nakalale tena, wanione nimevaa."

Uzi ulikuwa umekauka kwa moshi na joto la bati. Atabo aliuhisi ukikakamaa vidoleni. Angeweza kusema tuzitunge upya kwanza. Hakusema. Tangu Nakalale hakujua tena ni lipi ana haki ya kumwambia mtoto huyu.

Yaliyofuata alisimuliwa na Njenga. Akuwam alijifunika shuka, Njenga asizione shanga, mpaka alipoitwa zuliani. Katika mruko mkubwa mwili wake ulizunguka hewani vizuri kuliko siku zote, na alipotua, uzi ukakatika, shanga zikamwagika zulia zima. Akasimama. Akalaza fimbo chini.

"Endelea! Akuwam, endelea!" Njenga alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Yeye alipiga magoti akaanza kuokota, moja moja, mbele ya waamuzi, na muda wake ukaisha akiwa bado anaokota. Watazamaji walicheka. Nje ya ukumbi alimkabidhi Njenga shanga zote ndani ya soksi. "Mpelekee mama," akasema. Hakupanda basi la Lodwar.

Atabo amezitunga upya kwa uzi wa nailoni, ule ambao wavuvi wa Longech, kule ziwani, hushonea nyavu, usiokatika. Aliwahi kumtuma Njenga akamwambie Akuwam kwamba shanga zake zinamngoja. Njenga alirudi amekunja kofia mkononi.

"Amesema asante, mama. Amesema yeye ni ejok, yuko salama."

"Na nini tena?"

"Ni hayo tu."

Shanga ziko msumarini. Akuwam yuko Kakuma, ni bawabu wa zamu ya mchana kwenye ghala la mahindi. Husimama langoni na rungu alilopewa na mwajiri, na shingoni hana kitu.