Chuma Kilicholala kwa Jirani

Mwaka jana nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kwa harusi ya mtoto wa shangazi, na kama ujuavyo, ukirudi nyumbani baada ya miaka mingi huwezi kupita mlango wa jirani bila kuamkia. Mama jirani nilimkuta pale pale nilipomwacha, uani kwake, kando ya karai la mafuta, akikaanga mandazi. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini mikono ni ile ile myepesi. Alinikumbatia, akalia kidogo, akanivutia kiti. Kisha akainama kuchochea moto, na roho ikaniruka, kwa sababu alichokuwa anachochea nacho ni chuma cha usukani wa mashua ya Babu.

Usinicheke. Utasema chuma ni chuma, na Baraka nzima imejaa vyuma. Lakini hiki nilikibeba kila siku ya Mungu nilipokuwa na miaka tisa, mimi na mdogo wangu tukilelewa na Babu na Bibi. Urefu wake ni kama mkono wangu wa wakati ule, kichwa kimekunjwa kama mpini wa bakora, na chini ya kichwa kuna alama tatu za tupa alizozikata Babu mwenyewe. Nilizihesabu zote tatu huku moshi ukiniingia machoni.

Ngoja nikueleze. Babu alikuwa na mashua ya tanga, kuukuu, iliyoundwa kabla mama yangu hajazaliwa. Nyufa zake zilizibwa kwa pamba na vipande vya bati, nayo ilivuja hata hivyo, na sisi watoto tulichota maji kwa makopo tukiimba. Ilipeleka mawese na muhogo Kalemie, ikarudi na chumvi na sabuni. Siku ya kurudi kwake ufuko wote ulinukia sabuni, na Bibi alipika sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese mengi, akachoma samaki wa mukeke, tukala bugali mpaka tukashindwa kuinama. Usukani wa mashua ile ulikuwa ubao mpana wenye pete mbili za chuma, na nyuma ya mashua kulikuwa na pete nyingine mbili. Chuma kile kimoja kilipita katikati ya pete zote nne. Ukikichomoa, ubao unatoka mkononi, na mashua inabaki kuzunguka kama bata mgonjwa.

Vita vilipoanza, wenye bunduki walichukua mashua za watu bila kuomba. Ndipo wenye mashua wa ufuko wetu wakaanza kuchomoa vyuma kila jioni. Tena hawakuvilaza nyumbani kwao, maana mtu akipigwa sana hutoa. Waliwekeana: chako kilale kwa jirani, cha jirani kilale kwako. Babu aliupenda mpango huo kupita kiasi. "Bakinipiga," alikuwa akisema, "nitabaambia kweli tupu: haiko kwangu."

Mume wa mama jirani alikuwa mvuvi, naye alikuwa na mashua yake. Mbebaji nilikuwa mimi, mjukuu wa kike ambaye Babu alizoea kumwita mama. Kabla jua halijazama nilikifunga chuma chetu katika kitenge, nikakibeba kifuani kama mtoto wa bandia, nikavuka mchanga wenye nyavu na ndagala walioanikwa hadi uani kwa jirani. Mama jirani alikipokea, akanipa chao, na juu yake andazi moja la moto. Chao kilikuwa kimeliwa na kutu, katikati kimekonda kama kidole changu. Bibi alikihurumia, akawa anakipaka mawese kabla ya kukilaza chini ya kitanda. Asubuhi tulirudishiana. Mama jirani aliniita mukwe wake, eti ataniozesha kwa mwanawe wa mwisho, na nikuambie ukweli, nilimpenda kuliko shangazi zangu wote.

Halafu vita vikafika kwetu hasa. Kutwa nzima watu waliteremka kutoka Fizi na magodoro kichwani, na milio ya risasi ikasikika milimani. Jioni ile nilikimbia njia nzima, lakini chuma nilikipeleka, na andazi langu nililila. Asubuhi yake Babu akasema tunavuka ziwa kwenda Kigoma. Mama jirani alikuwa ameshakuja alfajiri kuchukua chuma chao, na Bibi alimpa, kinang'aa mawese. Babu akanituma kukileta chetu.

"Chuma gani, mukwe wangu?" aliniuliza. "Jana haukuniletea."

"Nilikuletea, mama. Ulinipatia na andazi."

Alinishika mashavu kwa mikono miwili, mikono yenye harufu ya unga. Akanirudisha kwa Babu yeye mwenyewe, mkono wake begani kwangu. "Musimugombeze," akamwambia kwa macho makavu. "Jana kelele ya masasi ilikuwa mingi. Mutoto alikimbia, itakuwa ilianguka mu muchanga."

Babu alinitazama, kisha akamtazama yeye. Huyu alikuwa mtu mzima, mcha Mungu, aliyekula nasi sikukuu zote, zake na zetu. Mimi nilikuwa mtoto ambaye mwezi mmoja kabla alimsahau mbuzi kwenye mvua. "Mama," Babu aliniuliza mara moja tu, "uliipeleka?" Nikasema niliipeleka, ila nilikuwa nimeshaanza kulia, na kilio cha mtoto kinafanana sana na kukiri kosa.

Muda wa kutafuta haukuwapo. Babu alifunga ubao wa usukani kwa kamba ya nyavu, akaipitisha katika pete zile nne mara nyingi, akakaza kwa meno. Wakati anahangaika hivyo mashua ya jirani ilikuwa imeshatoka, tanga limejaa. Walitupungia mkono, na mimi nikawapungia.

Kamba ilivumilia mpaka tulipopita ncha ya Ubwari. Huko mawimbi yalikuwa makubwa na upepo wa kusini ulitupiga ubavuni. Pete zilikuwa zikiisaga kamba kidogo kidogo, na mchana ikakatika. Mashua iligeuka ubavu, tanga likapiga kelele za ajabu, maji yakaingia mpaka magotini kwa Bibi. Babu hakupaza sauti. Alishusha tanga, akauvuta ubao ndani usipotee, kisha akafunga kasia nyuma badala ya usukani na kulikalia. Wimbi moja likaliinua kasia lile na kuubana mkono wake wa kulia kwenye ubao wa ubavu. Nilisikia vidole vikivunjika, ndugu yangu, na hata leo nikivunja kuni kavu nasikia.

Kasia peke yake halikutosha, na sasa alikuwa na mkono mmoja. Akafunga ndoo kwenye kamba, akanipa mimi. Nikiitupa kushoto, maji yaliivuta nyuma na pua ya mashua ikageukia kushoto. Nikiivuta na kuitupa kulia, ikageukia kulia. Akapandisha tanga nusu, na tukavuka ziwa hivyo: Babu kwenye kasia, Bibi akichota maji, mimi na ndoo, "kushoto, mama," "vuta," "kulia sasa," mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Tulifika ng'ambo kesho yake, mbali sana kaskazini mwa Kigoma, lakini tulifika wote.

Na ni huko majini, ameshika mkono wake uliovimba, ndipo Babu aliponisamehe. "Mutoto ni mutoto," alimwambia Bibi. "Vitu vinapoteaka." Nikasema tena kwamba nilikipeleka. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole ule wa kumnyamazisha mtu.

Mkono wake haukufumba tena. Hakushika nyundo wala usukani mpaka alipokufa, kule kambini kwa wakimbizi. Kila akishindwa kufunga kifungo cha shati na kuniona namtazama, alisema, "Si kitu, mama, nilishakusamehe." Wageni walipouliza habari ya vidole, alisimulia akicheka jinsi mjukuu wake alivyopoteza chuma. Bibi yeye hakusimulia, lakini hakunituma tena na kitu cha maana. Hata karatasi ya mgao wa chakula alimpa mdogo wangu, mtoto wa miaka sita.

Baya zaidi ni hili. Nilisamehewa mara nyingi hivi kwamba mwishowe nilianza kukumbuka. Nilimwona yule mtoto akikimbia, kitenge kikilegea, chuma kikidondoka kando ya nyavu na kuzama mchangani kichwa kikitangulia. Niliona yote. Nimewasimulia wanangu hadithi hiyo kuwafunza uangalifu.

"Mama," nikamwambia mama jirani, "hii chuma ni ya Babu."

Hakushtuka. "Ni yake," alisema. "Yetu ingekatika mu maji. Nilikuwa na batoto batano, na bwana yangu hakujua kuendesha boti yenye haina usukani. Babu yako alijua. Nilikuwa najua mutafika."

"Sawa. Lakini kwa nini ulisema ni mi nilipoteza?"

Aligeuza mandazi, moja moja, mpaka yote yakawa yamegeuka. "Ningesema imepotea kwangu, angeingia kutafuta. Mutoto akisema hajapoteza, nani anamusikiliza?"

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayekueleza njia ya sokoni. Akaniwekea mandazi manne katika gazeti. Akakifuta chuma majivu, akanipa. "Kama unaitaka, beba. Mi nitatafuta kijiti."

Nilikibeba. Nilikifunga katika kitenge changu kama zamani, bado kina moto, nikavuka ufuko ule ule. Siku hizi hakuna tanga hata moja pale, ni boti za mashine tu na madumu ya mafuta. Mashua ya Babu iliishia kuwa kuni ng'ambo ya ziwa. Penye nyumba yetu pana ghala la mtu nisiyemjua, na mlango ulikuwa na kufuli. Nikasimama hapo na chuma kifuani, zaidi ya miaka ishirini tangu asubuhi ile nilipotumwa kukileta, na hakuna wa kukipokea. Babu alikufa amenisamehe. Mimi nilitaka aniamini.