Darubini, Mwokotaji wa Picha za Wenzake

Mtaani walimwita Darubini, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mchana kutwa alikaa nyuma ya kaunta ya duka la vigae, kati ya maboksi ya sakafu na mifuko ya gundi, miguu kaiegemeza juu ya kiti cha mteja, simu mkononi. Mteja akiingia alimtazama kama mtu aliyemkatiza sala. Uuzaji aliuweza, hilo tusimnyime. Kigae akikiona mara moja hakisahau, wala hamsahau aliyekinunua wala nyumba kilikokwenda. Mwingine mwenye kumbukumbu ya namna hiyo angejijengea jina la heshima. Yeye aliitumia kuwachungulia watu.

Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri, ilikuwa kutafuta watu mtandaoni. Hakuvunja nywila ya mtu, wala hakuingia kwenye simu ya mtu. Alitazama tu picha ambazo watu wenyewe wameziweka, au wamewekewa na jamaa zao wasiojua kunyamaza, akazisoma pembeni. Sura haikumshughulisha. Alitazama nondo za dirisha, rangi ya geti, sare ya mtoto, kibao cha duka kilichochomoza nyuma ya bega, na zaidi ya yote sakafu. Hivyo ndivyo alivyogundua kwamba mwalimu mmoja aliyeomba ruhusa ya ugonjwa alikuwa harusini anacheza, akampelekea mkuu wa shule picha hata bibi harusi hajaketi. Mwalimu alipomfuata dukani kumuuliza amemkosea nini, Darubini alishangaa kwelikweli.

"Mimi siibi, dada. Naokota. Umeangusha mwenyewe njiani, mimi nimeokota."

Neno hilo, kuokota, ndilo lililompa usingizi mnono. Kwamba muungwana akiokota kitu humtafuta mwenyewe amrudishie, hilo halikumpitia akilini.

Yeye mwenyewe je? Ukurasa wake ulikuwa na picha ya ua na jina lisilo lake. Kwenye shughuli za ukoo, simu ikiinuliwa tu, alijibanza nyuma ya shangazi yake mnene. Mkewe aliwahi kuweka picha ya sebule yao, bwana akanuna mpaka ikafutwa. "Mambo ya nyumbani ni ya nyumbani," alimwambia, wala hakucheka.

"Darubini, iko siku utajitafuta mwenyewe ukajikosa," fundi alimtania. Huyu alikuwa fundi wa kubandika vigae, ambaye hukaa pale dukani kusubiri kazi.

"Kabandike vigae vyako wewe. Kazi ya akili niachie mimi."

Asubuhi moja aliingia mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi, mwenye sauti ya upole, ile sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Hakutaka vigae.

"Nimeambiwa wewe ndiye Darubini, kaka. Nawatafuta wanangu tu. Mama yao kaondoka nao, kafunga kila kitu. Namba kabadili, kurasa zake kafuta. Hata dada zake hawasemi."

"Hana hata picha moja?"

"Yeye hana. Hii kaweka mtu mwingine."

Pichani alikuwa mtoto wa kiume anacheka, pengo mbele. Chini yake mwanamke asiyejulikana alikuwa ameandika kwamba kijana wa jirani yake mpya kang'oka jino, apongezwe. Jirani hakuwa na ubaya. Alikuwa na simu mpya tu, na furaha isiyojua kukaa ndani. Watu walipongeza, mmoja akamtambua mtoto, na picha ikatoka kwa rafiki hadi kwa rafiki wa rafiki mpaka ikamfikia baba.

Darubini aliikuza. Mtoto alisimama peku juu ya sakafu ya kijivu yenye michirizi ya buluu, na karibu na kisigino chake kigae kimoja kilikuwa cha kahawia. Mara moja akamkumbuka mnunuzi: mwenye vyumba vya kupangisha nyuma ya zahanati, bahili wa kupindukia. Alipungukiwa na kigae kimoja, akakataa boksi zima, akapewa kile cha kahawia kutoka kwenye masalio. Sakafu kama hiyo hakuna nyingine mji mzima.

"Nimeshampata," akasema, akalaza simu juu ya kaunta ili abembelezwe.

Mwanamume hakubembeleza. Aliinama kidogo, akauliza kwa upole uleule, "Mlango wake una komeo kwa ndani, au ni kitasa tu?"

Fundi, aliyekuwa akikata kigae karibu na mlango, aliacha kukata.

Na Darubini alisikia. Tusimtafutie udhuru wa ujinga, hakuwa mjinga. Mtu anayetafuta wanawe huuliza kama wanasoma, kama wamekua, kama wanakula vizuri. Haulizi komeo. Kwa kitambo kidogo ulimi ulimwia mzito, na laiti angeuacha hivyo, leo tungemsimulia mtu mwingine kabisa. Lakini jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, nalo lilikuwa tamu.

"Nyuma ya zahanati kuna vyumba vya safu. Yeye yuko cha mwisho, kwa sababu pichani mwanga unaingia pande mbili. Komeo sijui. Mimi nauza vigae."

"Ahsante sana, kaka."

Pikipiki iliunguruma nje, ikaondoka. Fundi alisimama, vumbi la kigae limemjaa mikononi.

"Umesikia alichouliza?"

"Nimesikia. Sasa nimemwibia nani? Picha iko wazi, nimeokota."

Fundi aliacha vifaa vyake hapohapo. Alitoka mbio kuelekea zahanati, lakini mwenye miguu hamfikii mwenye pikipiki. Alikuta mlango uko chini, majirani wanambandua yule bwana juu ya mkewe, na mkono wa mwanamke umevunjika. Watoto walikuwa shule. Polisi walikuja wakamchukua mume. Fundi ndiye aliyempeleka mama zahanati, na ndiye aliyemweleza, kichwa chini, jinsi alivyopatikana.

Tangu siku hiyo fundi alikuja dukani lakini hakumsalimu Darubini. Darubini aliona ameonewa. Alimlalamikia kila mteja kwamba siku hizi ukimsaidia mtu unageuziwa lawama.

Mkono ulipopungua kuuma, mwanamke akaenda mwenyewe dukani. Aliingia mchana, mkono umening'inizwa shingoni kwa bandeji, akasimama mbele ya kaunta.

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri, karibu. Unataka vya chooni au vya sebuleni?"

"Mimi ndiye uliyeniokota."

Darubini alirudisha kiti nyuma, akapima umbali wa mlango. Matusi alikuwa amejiandalia majibu yake.

"Sijaja kugombana," akasema mwanamke. "Nimekuja unifundishe. Ulinionaje?"

Mwenye chembe ya haya angeomba msamaha hapo. Darubini alikohoa, akasogeza kiti mbele, akaanza somo. Alieleza kigae cha kahawia, akaeleza mwanga wa pande mbili, mikono ikichora hewani.

"Na kama ningetandika mkeka?"

"Ningetazama dirisha."

"Na dirisha likiwa na pazia?"

"Sare ya mtoto. Ikiwa ni video, nasikiliza vya nje: kengele ya shule, mashine ya kusaga. Afadhali picha ipigwe ukutani, ukuta mtupu. Au isipigwe."

"Na ndugu zangu?"

"Hao ndio hatari kuliko wote. Hawakutaji mwaka mzima, siku ya kuzaliwa mtoto wanakumwagia hongera na jina la mtaa juu. Waambie wafute na za zamani. Zile za zamani ndizo zinazonionyesha nani yuko karibu nawe."

"Na jirani?"

"Jirani unamwambia siku unayohamia, kabla hujamwomba hata chumvi, kwamba wanangu hawapigwi picha. Atasema unaringa. Mwache aseme."

Mwanamke alirudia kila jambo kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi anayehifadhi. Darubini alinogewa mpaka akausahau ule mkono. Akamwinulia simu aione vizuri, akaongeza mbinu hata zile alizowaficha wenzake.

"Wewe dada una akili. Wengine nikiwaeleza hawashiki."

"Nitashika. Sina namna nyingine." Alifika mlangoni, akageuka. "Nilidhani nitakuta mtu mbaya. Mtu mbaya ningemwogopa."

Akaondoka. Darubini alitabasamu.

"Hajakusifu," fundi akamwambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu ile siku.

Mume hakukaa ndani sana. Alirudi dukani na shati lingine lililonyooka.

"Kahama tena. Nitafutie."

Kukataa ni neno moja, nalo halihitaji kusomewa. Darubini alilijua, na bandeji aliiona kwa macho yake. Alichukua simu. Hakumwogopa yule bwana, wala hakumchukia yule mama. Alitaka tu kuona kama ataweza. Akampitia jirani wa nyuma ya zahanati, akapitia dada za mwanamke, binamu, shule za mji huu na wa pili. Aliona watu chungu nzima wanacheka juu ya sakafu alizowauzia. Yule mama hakumwona. Hongera zilikuwa zimefutwa, za zamani hazipo, na kila pembe aliyoigusa ilikuwa imezibwa na mtu aliyeelewa somo.

"Hayupo," akasema mwishowe.

"Si ndiye wewe Darubini?" Mwanamume alimtukana kwa sauti ileile ya upole, akatoka.

"Kumbe ulifundisha vizuri," fundi akasema.

Darubini aliinamia simu. Uso ulikuwa umemshuka, midomo imemkauka, na mpita njia angeweza kudhani kwamba dhamiri imemfikia hatimaye. Sivyo. Kilichomuuma ni kushindwa. Mteja alisimama mbele yake anauliza bei, akauliza tena, wala Darubini hakuinua kichwa. Alikuwa bado anamtafuta yule mama.