Siku Ishirini na Sita Nilizomwibia Mwanangu

Mwanangu wa kumzaa, mwanaume wa miaka arobaini na tatu, mwenye ndevu na kipara, alikojoa ndani ya kabati langu la nguo.

Mchana kweupe. Saa nane. Hajanywa kitu zaidi ya chai.

Msicheke kwanza. Mimi mwenyewe sikucheka siku hiyo, na wanaonijua wanajua nacheka hata msibani.

Nilikuwa sebuleni kwenye cherehani yangu, napunguza suruali ya mteja aliyekonda kwa mawazo. Mwanangu alikuwa amejilaza chumbani kwangu, maana kwake jua la mchana linapiga dirishani. Nikasikia anaamka. Hatua tatu. Mlango wa kabati, kwaa. Halafu nikasikia maji.

Nikajisemea, bomba limepasuka.

Nikaingia. Nikamkuta amesimama, macho yamefumba, anamwagilia koti la marehemu baba yake.

"Baba," nikamwambia polepole, maana mtu wa namna hiyo hashtuliwi. "Hapo si chooni."

Akafumbua macho. Akaangalia koti. Akaniangalia mimi. Akauliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo.

"Mama, niko nchi gani?"

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani nimezaa kichaa.

Mwanangu anaandika programu za kompyuta. Kazi yake imo ndani ya begi; popote anapolifungua, hapo ndipo ofisini. Wanaomlipa hawajawahi kumwona miguu. Basi miaka minne iliyopita akapata wazo, na wazo likampata yeye, wakashikana.

Akasema anachagua nchi ya kuhamia. Nchi yenye maisha mazuri na kodi ndogo ya serikali.

Akatengeneza jedwali. Nchi zimepangwa kwenda chini, alama kwenda pembeni. Kodi. Hewa. Hospitali. Usalama. Intaneti. Bei ya nyumba. Akanionyesha kwa furaha, kama alivyokuwa akinionyesha daftari la shule.

"Na mama umempa alama ngapi?" nikauliza.

"Mama hayumo kwenye jedwali, Mama."

"Aa. Nilidhani sijaona vizuri, miwani yangu hii."

Akaanza kuzijaribu hizo nchi kama mtu anayejaribu viatu dukani. Majina yake hayakai mdomoni mwangu, kwa hiyo nilizibatiza. Kulikuwa na Ghorofa, ambako hawakukati kodi hata thumni, ila unakaa miaka kumi na hujui jirani yako ana sauti gani. Kulikuwa na Baridi, hospitali zake zinang'aa, lakini serikali inakula sahani moja na wewe, na mkono wake ni mkubwa. Kulikuwa na Nafuu, kila kitu bei ya kutupa, umeme nao wameutupa.

Mkwe wangu alivumilia nchi mbili. Ya tatu akasema amechoka kupanga mabegi na kuyapangua, akarudi kwao. Simlaumu. Mchagua jembe si mkulima, na mke wa mchagua jembe analala njaa.

Sasa sikilizeni sheria yenyewe, kama alivyonieleza.

Ukilala kwetu siku mia na themanini na tatu ndani ya mwaka mmoja, unahesabiwa mkazi. Ukiwa mkazi, unalipa kodi ya kila ulichochuma, hata ulichochumia kwa watu. Na huko nako wana hesabu zao kama hizo.

"Kwa hiyo unalala mia na themanini na mbili, halafu unakimbia," nikasema.

"Si kukimbia, Mama. Kupanga."

"Hata kuku akimwona mwewe anapanga."

Akacheka, akaniambia ana shida moja. Siku zinamchanganya. Anaomba nimhesabie.

Mwaka huo ndio baba yake alikuwa ametutoka. Simu nilikuwa sipokei. Pole nilikuwa sitaki, zilikuwa zimenijaa mpaka kooni. Lakini hii haikuwa pole, hii ilikuwa kazi, na kazi mimi sijawahi kuikataa.

Nikachukua makopo manne ya maziwa ya unga, nikayapanga juu ya rafu. Ghorofa, Baridi, Nafuu, Nyumbani. Vifungo ninavyo vya kutosha kuzika mtu; miaka arobaini ya ufundi si mchezo. Makubaliano yakawa hivi: kila asubuhi ananipigia, ananiambia ameamkia wapi, nami natupia kifungo kimoja kwenye kopo la nchi hiyo. Mwaka ukiisha tunamwaga, tunaanza upya.

Kifungo cha kwanza kabisa, cha Nyumbani, alikitia yeye mwenyewe. Cha bluu, cha sweta lake la shule ya msingi. Kina alama ya meno yake, maana alikuwa akitafuna vifungo badala ya kusikiliza mwalimu.

"Hiki kila mwaka kiwe cha kwanza, Mama. Cha bahati," akasema.

Miaka mitatu hatukukosea hata siku moja.

"Mama, nimeamkia Baridi."

Kifungo, tii.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo."

Ndiyo mazungumzo yetu. Dakika mbili. Nikishasikia tii, najua na mimi nimeamka.

Sasa rudini kwenye kabati.

Nilimkalisha kitandani, nikafua koti. Akaniambia, huku anaona aibu, kwamba Ghorofa mlango wa choo uko upande ule ule wa kabati langu. Baridi uko kushoto. Nafuu inabidi utoke nje ya chumba. Kila akiamka anasimama kwanza, anaupigia kura mlango. Siku hiyo kura zilipotea.

"Umechoka, mwanangu."

"Sijachoka, Mama. Nakaribia kumaliza. Nimeshachagua. Ghorofa."

Moyo wangu ukaanguka chini, lakini uso wangu nimeuzoesha. Akaeleza. Kuna fleti ameshaitolea malipo ya awali. Wanachotaka wale wauzaji ni barua kutoka ofisi ya kodi ya kwetu, inayosema mwaka huu yeye si mkazi. Wakiipata, anahamia moja kwa moja. Asipoipata, fleti inakwenda kwa mwingine, na huku kwetu anakatwa kodi ya mwaka mzima.

"Nyumbani nina ngapi mpaka leo?" akauliza.

Nikaenda rafuni nikahesabu. "Mia sitini na mbili."

"Basi nina ishirini. Ya mwisho nikilala, naondoka."

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Siku ishirini, halafu mwanangu aende akaishi na watu wasiosalimiana.

Jioni ile nilikwenda kwa shoga yangu wa duka la dawa, nikamweleza.

"Mzuie," akasema.

"Mtu wa miaka arobaini na tatu unamzuia kwa nini, kwa kamba?"

"Basi mwache."

"Ushauri wako ni kama dawa zako. Bei ghali, ugonjwa uko pale pale."

Nikarudi nyumbani. Mwanangu amesinzia kwenye kiti, kompyuta mapajani, mdomo wazi kama alivyokuwa akilala utotoni. Nikayaangalia yale makopo. Shetani hana haja ya kupiga hodi kwenye nyumba ya fundi. Anapitia tundu la sindano.

Nikaingiza mkono kwenye kopo la Nyumbani. Nikatoa kifungo kimoja.

Kikaja cha bluu. Bahati ya mwizi.

Lakini jamani, fundi hatupi kifungo. Ningekitupa wapi? Nikaona shati lake jeupe limelegea kifungo cha juu. Mashine za kufulia za huko hazifui, zinatafuna. Nikakishona pale. Mwanaume akikuta kifungo kipo, haulizi kimetoka wapi.

Toka hapo, asubuhi namtilia kimoja mbele ya macho yake, jioni natoa kimoja nyuma ya mgongo wake. Si kila jioni. Mwizi mwenye akili anapumzika Jumapili.

"Mama, nina ngapi?"

"Mia sitini na nane."

Wiki inapita.

"Mama, nina ngapi?"

"Mia sabini na moja."

"Hazisogei," akasema siku moja, anakoroga chai.

"Siku za nyumbani ni nzito. Hazisogei upesi."

Akanywa chai yake.

Nami nikawa namwangalia. Siku za mwanzo alilala kama mgonjwa. Akiamka anasimama, anatafuta mlango. Siku ya kumi akaacha kujigonga kwenye meza. Siku ya ishirini na tano nikamwona anatoka chumbani amefumba macho, anapita korido, anakunja kulia, anaingia chooni, anafunga mlango. Hakugusa ukuta.

Nikakaa kwenye cherehani yangu nikalia kidogo. Uzee huu, mtu unalia kwa sababu mtoto amekijua choo.

Mwaka ukaisha. Siku arobaini tangu siku ya kabati. Kopo langu likasema mia sabini na sita. Mashati yake manne yalikuwa yamejaa vifungo, hakuna kinachofanana na mwenzake.

Wiki ya kwanza ya mwaka mpya akavaa shati jeupe. "Mama, nisindikize ofisi ya kodi nikachukue ile barua."

Nikaenda. Nilijua nimeiba, lakini nilijua pia hakuna shahidi. Elimu yangu ni ya msingi. Mimi nani anijuze kwamba pasipoti inagongwa muhuri kila ukiingia na kila ukitoka? Nilidhani ni kitabu cha picha yako tu.

Dada wa dirishani alikuwa mpole. Akanisalimia shikamoo, akaichukua pasipoti. Akawa anafunua ukurasa, anaandika. Anafunua, anaandika. Ndipo nikaiona ile mihuri.

"Kaka, barua hii siwezi kukupa," akasema. "Mwaka jana umelala hapa siku mia mbili na mbili. Wewe ni mkazi."

Mwanangu akaitikia kwa kichwa.

"Ina maana kodi unalipa hapa. Ya mwaka mzima, na ya nje ikiwemo."

Nikaona fleti inaondoka, nikaona jasho la mwanangu la mwaka mzima linaondoka, na aliyefungua mlango ni mimi.

"Binti yangu," nikamwambia. "Huyu hana kosa. Mimi ndiye niliyeiba."

"Umeiba nini, bibi?"

"Siku."

Akaweka kalamu chini. "Siku ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Na ziko wapi sasa?"

Nikamwonyesha. "Nyingine ziko kwenye shati lake hili. Zilizobaki ziko kwenye kamba ya nguo, zinakauka."

Dada akaliangalia lile shati. Cha bluu, cha kahawia, cha koti, cha gauni la mtoto. Akajikaza asicheke, kazi ya serikali hairuhusu.

"Bibi, sheria haijui vifungo."

"Naelewa, mama. Ila kama kuna kufungwa, nifungeni mimi. Kushona naweza hata huko."

Hapo nikamsikia mwanangu. "Dada, nipe fomu nilipe."

Mtu aliyezunguka nchi tatu anaikwepa kodi, anaiomba fomu kama anayeomba maji ya kunywa. Nikamtazama. Akajaza yote, hakuuliza swali. Kwenye mstari wa mwisho dada akagonga muhuri. MKAZI. Mwanangu akaishika ile karatasi, akaitazama muda mrefu kuliko karatasi inavyostahili.

Nje kulikuwa na benchi. Tukakaa.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Toka lini?"

Akashika kifungo cha juu cha shati. "Toka hiki. Mama, haya ni meno yangu."

Nimeshona miaka arobaini, nikakamatwa na kifungo.

"Halafu siku zangu kompyuta inazihesabu yenyewe," akasema. "Toka mwaka wa kwanza."

"Sasa makopo yangu ya nini?"

"Ulikuwa hupokei simu, Mama. Ila kazi ulikuwa unapokea."

Mjinga mkubwa. Mimi namdanganya siku arobaini, kumbe yeye ananidanganya miaka minne.

"Na fleti? Na pesa yote hiyo? Kwa nini hukusema?"

Akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili, kama baba yake alivyokuwa akifanya akitoka kazini.

"Ningesemaje? Miaka yote hii kila mtu nimemwambia nachagua. Nilishindwa kusema nimechoka. Ulipoanza kuiba nikasema acha, pengine atanifikisha mia na themanini na tatu. Nilikuja leo ninyimwe, Mama. Nilitaka mtu aniandikie kwenye karatasi kwamba mimi ni wa mahali fulani."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi nilidhani nimemfunga kamba, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ameunyoosha mguu.

Kodi amelipa, na ilimuuma, msije mkadhani alicheza ngoma. Gari ameuza. Malipo ya awali ya fleti wamerudisha nusu. Kusafiri hajaacha, kazi ni kazi, lakini sasa akienda anaaga kama mtu anayekwenda dukani. Juzi amekwenda Baridi wiki mbili. Asubuhi kanipigia.

"Mama, nimeamkia Baridi."

Tii.

"Umekula?"

"Muongo," akajijibu mwenyewe.

Nanyi mnaohangaika na majedwali, sikilizeni la bibi asiyejua hesabu za kugawanya. Pimeni kodi, pimeni hewa, pimeni hospitali, sikatazi. Lakini ongezeni na mstari mmoja: nchi yako ni ile ambayo ukiamka na usingizi wako, miguu inajua choo kiko wapi.

Hata hivyo kabati nimelitia kufuli, na ufunguo nalala nao.