Nyasi Zisizoguswa Nyuma ya Nyumba ya Mama Bhoke

Mimi nauza mabati, misumari na vifaa vya shamba hapa Kegonga, na sijaona watu waliozipenda slasha zangu za kufyekea nyasi kama wana wa Mama Bhoke. Nchagwa alinunua moja. Mdogo wake Bonface aliposikia, akaja kuchukua kubwa zaidi. Nikadhani nyasi za boma lile zimekwisha. Kumbe wapi!

Mama Bhoke ni mjane na rafiki yangu, mtu wa kuamka na kufagia hata kivuli. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa katikati ya mashamba ya wanawe, na nyuma yake palikuwa na ukanda mdogo wa ardhi, ng'ombe kumi wakilala umejaa. Marehemu mzee hakusema ni wa nani. Nchagwa anasema ni wake, Bonface anasema ni wake. Wazee wa ukoo wakala mbuzi, wakafikiri, wakala mbuzi wa pili, kisha wakaamua: atakayegusa ukanda huo kabla kesi haijaisha, ameupoteza.

Wanasema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Waje Kegonga waone! Hapa fahali walipigana, na nyasi zikanenepa, zikanipita kimo, zikaliegemea paa la mama wa watu. Jua la Januari likazikausha zikawa kama karatasi.

Mama Bhoke akaja dukani. "Kuruthum, mwanangu, nipe slasha. Hizi nyasi zitanichoma."

Nikampa bure. Alipofika kwake, hata hajainua mkono vizuri, wanawe wakatoka mbio.

"Mama, ukikata, Bonface atasema nimekutuma mimi!" akasema Nchagwa.

"Na yeye atasema ni mimi!" akasema Bonface.

Hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu wamzike baba yao. Wakamnyang'anya slasha. Akaenda kwa wazee kuomba ruhusa. Wazee wakamuuliza kama amekuja na mbuzi. Eti ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime! Kwa hawa, ukichukua jembe unaingizwa kwenye kesi.

Siku ya moto nilikuwa kwake, nimeenda kununua maharagwe. Jirani alikuwa akichoma mabua ya mahindi, upepo ukageuka. Tuliona moshi kwanza, halafu nyasi za ukandani zikaanza kupasuka pa! pa! pa! Nchagwa akaja na slasha yake, Bonface na ile yake kubwa. Nikasema alhamdulillahi, leo zitafanya kazi. Wakasimama, mmoja huku, mwingine kule.

"Kata wewe!" Nchagwa akapiga kelele.

"Nikate nipoteze?" Bonface akajibu. "Kata wewe, si unasema ni wako?"

"Kateni, wajinga nyinyi!" nikawafokea. "Mama yenu ataungua!"

Kila mmoja akamwangalia mwenzake mikono. Wallahi, nauza misumari, lakini vichwa vigumu nimeviona siku ile. Nikamvuta Mama Bhoke nje, yeye analia anataka kurudi kuchukua blanketi. Paa likashika. Kilichobaki ni kuta za udongo, nyeusi, na sufuria moja.

Kesho yake wazee wakaketi tena. Mama atajengewa wapi? Nchagwa akasema kwa Bonface pana nafasi nzuri. Bonface akasema kwa Nchagwa pana upepo mwanana. Nyumba inakula shamba, bwana, hata nyumba ya mama. Mama Bhoke, amejifunga leso yangu, akasimama.

"Nimezaa wanaume wawili," akasema, "na moto ulipokuja nikatolewa na mwenye duka. Nimeumia sana. Sikai kwako, Nchagwa, wala kwako, Bonface. Nijengeeni pale kwenye ukanda. Anayekataa aseme hapa, mbele ya watu, kwamba anamnyima mama yake pahali pa kulala."

Mzee mmoja alianza kuuliza habari ya mbuzi, Mama Bhoke akamtazama, mzee akameza maneno yake.

Wamejenga, tena kwa mabati yangu. Siku hizi asubuhi wanafyeka wote wawili kuizunguka ile nyumba, na mama yao ameketi mlangoni, anawaonyesha kwa kidole mahali walipobakisha.